Nusu Mwaka na Pishi Mpya: Historia ya Hesabu Tusizozisoma

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo hunukuliwa sana katika mafunzo ya watumishi wa umma, na aghalabu mkazo huwekwa kwenye daftari. Mimi naona uzito uko kwenye neno la mwisho. Mali inaweza kuwa na daftari, daftari likakaguliwa na kupigwa muhuri, na bado mali ikapotea bila habari. Hilo hutokea daftari linapofunguliwa mbele ya umma likiwa limechelewa, au linapofunguliwa kwa wakati lakini kipimo kilichotumika kimebadilika na hakuna aliyeuliza kimebadilika vipi.

Makala hii inahusu mambo hayo mawili: hesabu ambazo kampuni huzitoa kabla mwaka haujaisha, na viwango vipya vya uhasibu vinavyoingia katika hesabu hizo. Najua wanafunzi wa siasa na historia huyaachia mambo haya wenzao wa kitivo cha biashara, na wanaharakati huwaachia wakaguzi. Lakini kuamua hesabu ifungwe lini, na kwa kipimo gani, ni kuamua nani ajue nini na lini. Hilo ni swali la siasa kabla halijawa la uhasibu.

Wakati ulivyokatwa vipande

Mwaka wa fedha haukushuka kutoka mbinguni. Katika Zanzibar ya karne ya 19, mfanyabiashara wa Kihindi kama Taria Topan alimkopesha Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, bidhaa za kupeleka bara. Hesabu yao haikufungwa tarehe 31 Desemba. Ilifungwa msafara uliporudi pwani na pembe zikapimwa. Kampuni ya Kiingereza ya Mashariki ya India, iliyopewa hati yake mwaka 1600, nayo katika miaka ya mwanzo ilichanga mtaji kwa safari za meli na kugawana mapato safari zilipokwisha. Faida ilikuwa jambo la kuonekana kwa macho: chombo kimerudi au hakikurudi.

Mambo yalibadilika mtaji ulipokuwa wa kudumu. Reli haina safari ya mwisho, na kiwanda hakirudi bandarini kugawana mzigo. Wenye hisa huingia na kutoka, na kila mmoja anataka kujua hali ya mali yake kabla shughuli haijafika ukomo ambao pengine hautafika kamwe. Hapo ndipo ilipobidi wakati ukatwe kwa kisu cha binadamu. Ulikatwa mwaka mmoja mmoja, kisha miezi sita sita, kisha mitatu mitatu. Nchini Marekani, tume ya serikali inayosimamia masoko ya hisa ilizitaka kampuni zitoe taarifa za nusu mwaka kuanzia mwaka 1955, na mwaka 1970 ikahamia robo mwaka. Uingereza na nchi nyingi za Ulaya zilibaki kwenye nusu mwaka kama sharti la msingi.

Kila mkato ulizua mabishano. Wapo wanaosema robo mwaka ni fupi mno, kwamba humfanya meneja afukuze namba za miezi mitatu na kusahau miaka kumi ijayo. Hoja hiyo ina nguvu, na mwaka 2014 Uingereza iliondoa sharti la taarifa za ziada zilizokuwa zikitolewa katikati ya nusu mwaka. Lakini upande wa pili nao una ushahidi wake. Tarehe 16 Oktoba 2001 kampuni ya Enron ya Marekani ilitangaza matokeo ya robo ya tatu: hasara ya dola milioni 618, pamoja na kupungua kwa mtaji wa wanahisa kwa dola bilioni 1.2. Siku 47 baadaye, tarehe 2 Desemba, iliomba ulinzi wa mahakama kama muflisi. Hesabu za mwaka mzima zilizotangulia zilikuwa zimekaguliwa na kupata hati safi. Ufa ulianza kuonekana katika taarifa ya kipindi kifupi.

Pishi ya kimataifa yafika kwetu

Ukikata wakati, unahitaji pia kipimo kimoja cha kupimia kila kipande. Mfanyabiashara wa nafaka akibadili pishi katikati ya msimu, mahindi gunia ni yaleyale, lakini hesabu ya pishi ngapi zimeuzwa haiwezi tena kulinganishwa na ya jana. Ndiyo sababu mwaka 1973 vyama vya wahasibu kutoka nchi tisa, pamoja na Ireland iliyoungana na Uingereza katika uwakilishi mmoja, viliunda kamati huko London ya kutunga viwango vya kimataifa. Nafasi ya kamati hiyo ilichukuliwa na bodi mpya mwaka 2001. Barani Afrika hapakuwa na chama hata kimoja miongoni mwa waasisi. Jambo hilo tulikumbuke tunapoambiwa kwamba viwango hivi ni vya ulimwengu wote.

Kwetu Afrika Mashariki, sheria za kampuni zilirithiwa kutoka Uingereza, na hesabu za kampuni za kikoloni ziliandikwa kwa ajili ya mwenye mali aliyekuwa mbali. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, Tanzania ilijikuta na mabenki, viwanda na mashamba mikononi mwa umma. Mwaka 1968 likaundwa Shirika la Ukaguzi wa Hesabu kukagua mashirika hayo, na mwaka 1972 ikatungwa sheria iliyozaa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo mashirika mengi yalichelewa kufunga hesabu kwa miaka, na mwenye mali mpya, yaani mwananchi, akawa mbali na daftari lake kama alivyokuwa zamani.

Mwaka 1998 ni wa kukumbukwa. Mwezi Februari kamati ya London ilitoa kiwango cha IAS 34, kinachohusu taarifa za fedha za kipindi kilicho kifupi kuliko mwaka. Tarehe 15 Aprili mwaka huohuo Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kuuza hisa, kampuni ya kwanza ikiwa Tanzania Oxygen. Kenya ilianza kutumia viwango vya kimataifa kwa vipindi vilivyoanza Januari 1999, na Tanzania ikafuata kuanzia Julai 2004. Tangu hapo, kila kiwango kinapobadilishwa London, hesabu za Nairobi na Dar es Salaam hubadilika.

Namna hesabu ya katikati inavyopikwa

Tuingie jikoni kidogo, maana bila kujua mapishi hatuwezi kuonja. IAS 34 haisemi ni kampuni zipi zitoe taarifa za nusu mwaka. Hilo limeachiwa wadhibiti na masoko ya kila nchi. Inachosema ni hiki: ukitoa taarifa na kudai umefuata viwango, basi ni lazima iwe na mizania, taarifa ya mapato na matumizi, taarifa ya mabadiliko ya mtaji na taarifa ya mtiririko wa fedha, zote kwa ufupi, pamoja na maelezo ya yale yaliyobadilika tangu hesabu za mwaka uliopita.

Mizania ya Juni hulinganishwa na ya mwisho wa mwaka uliotangulia. Mapato ya Januari hadi Juni hulinganishwa na ya miezi ileile ya mwaka uliopita. Hoteli ya Zanzibar ambayo wageni wake huongezeka kuanzia Julai hairuhusiwi kukopa mapato ya Agosti ili Juni ipendeze, wala kuahirisha gharama za Mei kwa matumaini ya msimu. Inatakiwa ieleze kwamba biashara yake ni ya msimu, ili msomaji asidanganyike. Kodi ya mapato hukadiriwa kwa kiwango cha wastani kinachotarajiwa kwa mwaka mzima. Makadirio huwa mengi kuliko katika hesabu za mwaka, na aghalabu mkaguzi wa nje hajazikagua namba hizo.

Sharti ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote ni la sera za uhasibu. Kampuni lazima itumie sera zilezile ilizotumia katika hesabu za mwaka uliopita, isipokuwa pale ambapo imebadili sera ambayo itaonekana pia katika hesabu za mwaka unaoendelea. Ikiwa imebadili, ieleze ni nini kimebadilika na kwa athari gani. Kwa kuwa viwango vingi vipya huanza kutumika tarehe 1 Januari, maana yake ni kwamba kwa kampuni inayofunga mwaka Desemba, pishi mpya huonekana kwanza katika hesabu za robo au za nusu mwaka. Mkaguzi atazipitia za mwaka mzima miezi mingi baadaye. Msomaji wa Agosti hukutana na kipimo kipya kabla hakijazoeleka kwa yeyote.

Ipo dalili hata kabla ya hapo. Kanuni huitaka kampuni iseme, katika hesabu za mwaka, ni viwango gani vimeshatolewa lakini bado havijaanza kutumika, na inatarajia viiathiri vipi. Mwandishi wa habari au mwanaharakati mwenye subira angeweza kuona mwaka mzima mapema kinachokuja. Bahati mbaya kampuni nyingi hujaza sehemu hiyo kwa maneno ya jumla, kwamba athari bado zinatathminiwa, na sisi huipita bila kuisoma.

Ndege zilizokuwa nje ya mizania

Mfano ulio karibu nasi ni wa IFRS 16, kiwango cha ukodishaji mali kilichotolewa Januari 2016 na kuanza kutumika 1 Januari 2019. Chini ya kanuni ya zamani, shirika la ndege lililokodi ndege kwa miaka kadhaa lingeweza kuandika kodi ya kila mwaka kama gharama tu, na ahadi ya kulipa miaka iliyobaki ikatajwa katika maelezo ya nyuma. Ndege haikuonekana katika mizania, wala deni. David Tweedie, mwenyekiti wa kwanza wa bodi ya London, alizoea kutania kwamba kabla hajafa angependa kupanda ndege iliyomo katika mizania ya shirika linaloirusha.

Kiwango kipya kilisema ahadi hiyo ni deni, na haki ya kutumia ndege ni mali. Vyote viwili viingie ndani. Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni imekodi mtambo kwa miaka 5, kodi ni shilingi milioni 100 kila mwisho wa mwaka, na riba ni asilimia 10. Zamani gharama ilikuwa milioni 100 kila mwaka. Sasa kampuni inaandika deni na mali ya takriban milioni 379. Mwaka wa kwanza inabeba uchakavu wa milioni 75.8 na riba ya milioni 37.9, jumla milioni 113.7. Mwaka wa tano jumla inashuka hadi karibu milioni 84.9. Kwa miaka yote mitano jumla ni milioni 500, ileile ya zamani. Fedha iliyotoka mfukoni haikubadilika hata senti. Kilichobadilika ni lini maumivu yanaandikwa, na deni limeonekana.

Sasa twende Nairobi. Kenya Airways, iliyozaliwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa shirika la pamoja la Afrika Mashariki na kuuzwa kwa umma katika soko la hisa mwaka 1996, ilipita katika dhoruba kubwa. Katika mwaka ulioishia Machi 2016 ilipata hasara ya zaidi ya shilingi za Kenya bilioni 26. Mwaka 2017 madeni yake yalipangwa upya. Serikali ikawa na asilimia 48.9 ya hisa, mabenki yaliyokuwa yakilidai yakageuzwa wanahisa, na Hazina ikaweka dhamana ya dola milioni 750. Mwaka huohuo shirika lilihamisha mwisho wa mwaka wake wa fedha kutoka Machi hadi Desemba, hivyo likatoa hesabu za miezi 9. Wakati ulikatwa upya, na aliyetaka kulinganisha mwaka na mwaka ilimbidi afanye kazi ya ziada.

Agosti 2019 zikatoka hesabu za nusu mwaka hadi Juni. Mapato yalikuwa yamepanda, lakini hasara ilizidi shilingi bilioni 8, ilhali mwaka uliotangulia, kwa kipindi kilekile, ilikuwa takriban bilioni 4. Miongoni mwa sababu, kampuni ilitaja kuanza kutumika kwa kiwango kipya cha ukodishaji na gharama za safari mpya. Mwezi mmoja kabla, Bunge la Taifa lilikuwa limeridhia ripoti ya kamati iliyopendekeza shirika litaifishwe. Hasara iliyoongezeka maradufu ikawa fimbo mkononi mwa kila upande: kwa wengine ushahidi kwamba ubinafsishaji umeshindwa, kwa wengine kwamba serikali haijui biashara.

Swali ambalo lingepaswa kuutangulia mjadala huo ni rahisi kulitamka: katika ongezeko lile, ni kiasi gani kilitokana na biashara kuwa mbaya zaidi, na kiasi gani na kubadilika kwa pishi? IFRS 16 iliruhusu kampuni kuchagua kati ya kurekebisha hesabu za mwaka uliopita kwa kipimo kipya, na kuandika athari yote kwa mkupuo tarehe 1 Januari bila kugusa za nyuma. Kampuni inayochagua njia ya pili humwekea msomaji safu mbili kando kwa kando zilizopimwa kwa pishi mbili. Jibu limo katika maelezo yanayofuata namba, na hayo hayasomwi katika mikutano ya hadhara.

Kuna upande wa pili wa jambo hili usiopaswa kufichwa. Kusema "ni kiwango kipya tu" pia ni kumpumbaza mwananchi. Madeni ya ukodishaji yalikuwapo kabla ya mwaka 2019, na kilichofanyika mwaka huo ni kuyaleta mbele. Yaani mlipa kodi wa Kenya alipowekewa dhamana ile mwaka 2017, mizania aliyoonyeshwa haikuwa imebeba ndege zote zilizokuwa zikirushwa. Na biashara yenyewe iliendelea kuumia: mwaka 2019 ulifungwa kwa hasara ya karibu bilioni 13, kutoka bilioni 7 na ushei mwaka uliotangulia. Kiwango kipya kilieleza sehemu ya habari. Sehemu nyingine ilikuwa hasara halisi.

Upande wetu wa mpaka

Huenda msomaji wa Tanzania akayaona hayo kuwa ya jirani. Sisi tuna shirika letu, ATCL, linalokodi ndege kutoka wakala wa serikali unaozimiliki. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya mwaka 2019/20 ilieleza kwamba shirika lilipata hasara ya shilingi bilioni 60 mwaka huo, na kwamba kwa miaka mitano hasara ilifikia bilioni 150. Mwaka huo wa fedha uliisha 30 Juni 2020. Sisi wananchi tuliisikia habari hiyo Aprili 2021, ripoti ilipowasilishwa bungeni. Miezi tisa ilikuwa imepita tangu mwaka uishe, na miezi ishirini na moja tangu uanze.

Mkenya aliiona hasara ya Juni mwezi Agosti kwa sababu moja tu: shirika lake limo katika soko la hisa, na soko humlazimisha aliyeorodheshwa kusema. Shirika la umma lisilo sokoni haliguswi na wajibu huo. Matokeo yake ni kinyume cha haki: mwenye hisa chache alizonunua kwa hiari hupewa habari mara mbili kwa mwaka, na mwananchi aliyefanywa mwenye mali bila kuulizwa husubiri Aprili.

Nimewahi kuwasikia watumishi wa umma wakitoa pingamizi tatu: gharama, siri za biashara, na hofu kwamba wanasiasa wataendesha shirika kwa namba za miezi sita. Pingamizi la tatu ndilo la kuheshimiwa. Lakini mabenki yetu, yakiwamo yanayomilikiwa na serikali, huchapisha taarifa za fedha kila robo mwaka magazetini, na hayajafilisika kwa gharama ya tangazo wala kuvuja kwa siri. Yalipoanza kutumia IFRS 9 mwezi Januari 2018, kiwango kinachoitaka benki itenge fedha kwa hasara inayotarajiwa badala ya kungoja mkopo uwe chechefu, athari zake zilianza kuonekana katika taarifa za robo ya kwanza ya mwaka huo. Linalowezekana kwa benki ya umma linawezekana kwa shirika la umma la ndege, la umeme au la bandari. Sheria ya kulazimisha hivyo haihitaji utaalamu mpya. Inahitaji utashi.

Na pishi nyingine iko njiani. IFRS 18, iliyotolewa Aprili 2024, itaanza kutumika 1 Januari 2027. Itabadili mpangilio wa taarifa ya mapato na matumizi, na itazitaka kampuni zieleze namna zilivyozipata zile namba za kujisifia ambazo wakurugenzi hupenda kuzitangaza nje ya kanuni. Safari hii hesabu za mwaka uliotangulia lazima zipangwe upya, hivyo safu mbili zitalinganishika. Tutaiona kwanza katika hesabu za robo na za nusu ya mwaka 2027.

Ombi langu kwa wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma ni kwamba hesabu hizo zitakapotoka, wasianzie kwenye mstari wa faida au hasara. Waanzie kwenye maelezo ya sera za uhasibu, waulize nini kimebadilika, kwa kiasi gani, na kama mwaka uliopita umepimwa kwa kipimo kilekile. Kisha wamwulize mbunge wao kwa nini mashirika ya umma yasiyo sokoni hayana ukurasa wa namna hiyo Agosti yote. Swali hilo la pili halimhitaji mhasibu kulijibu.